Programu ya marehemu baba imekataa kompyuta mpya, na wadaiwa wetu wote wamo humo

SWALI

Assalam alaykum kaka. Siku zote nasoma majibu yako kwa watu wenye matatizo ya simu na printa, leo na mimi yamenifika.

Mimi ni mama wa miaka 43, naendesha duka la vipuri vya magari aliloliacha marehemu baba hapa Tanga, Ngamiani. Mwaka 1997 baba alimlipa kijana mmoja amwandikie programu ya hesabu za duka: mali iliyopo, mali inayoingia, na zaidi ya yote wateja wanaochukua kwa mkopo. Hao ndio duka lenyewe. Wenye malori wa Handeni na Korogwe, mafundi wa gereji za hapa mjini, watu wa mashamba ya mkonge, wote huchukua leo wakalipa wakipata, na wengine tunao tangu baba yu hai. Programu ni ile ya skrini ya bluu yenye maandishi meupe, haina habari ya mausi, kila kitu ni kubonyeza F2, F5, F10. Anayeitumia ni Ami. Si ami yangu wa damu. Alikuwa karani wa baba tangu duka likiwa la daftari, na sasa ana miaka 71. Juu ya zile F za kibodi amebandika kikaratasi chenye mwandiko wake: mteja, deni, lipa, chapa. Siku hizi hata hakitazami. Mteja anakuwa bado anasalimia mlangoni, Ami ameshafika kwenye deni lake.

Kompyuta yenyewe ni Pentium 4 yenye Windows XP, tuliinunua mwaka 2005. Nakumbuka hata siku ile programu iligoma. Iliandika kwa Kiingereza habari ya kugawanya kwa sifuri, ikajifunga. Yule kijana akaja na floppy yake, akakaa nusu saa, ikakubali. Leo hayupo tena, Mungu amrehemu.

Sasa tangu Ramadhani iliyopita kompyuta imeanza kuzimika yenyewe, hasa mchana joto likizidi. Ukiiwasha inarudisha tarehe 1 Januari 2002, na Ami asipoiwahi, mauzo ya siku nzima yanaingia na mwaka huo. Mara mbili imetoa mlio mrefu bila kuonyesha kitu kwenye skrini.

Mdogo wangu wa kiume yuko Dar es Salaam, ndiye tuliyerithi naye duka. Akatuletea laptop mpya yenye Windows 11, nzuri, ina kasi. Tukanakili programu kwa flashi, tukabofya. Likatoka bango kwamba programu hii haiwezi kufanya kazi kwenye kompyuta yako, na kwamba tumuulize aliyeitengeneza atupe inayofaa. Kaka, niliposoma hapo pa kumuuliza aliyeitengeneza, nilikaa chini.

Tukampelekea fundi. Alishinda nayo siku nzima akibadilisha ile sehemu ya kuiambia Windows ijifanye XP. Mwisho akachukua shilingi 60,000 na kusema hii ni takataka ya zamani, tupeni. Aliyasema hayo mbele ya Ami. Ami hakujibu. Alivaa kofia yake akaenda kuswali, na mpaka leo ile laptop hajaigusa.

Mdogo wangu anataka tujiunge na mfumo wa kulipia kila mwezi kupitia intaneti, na Ami akapumzike. Anasema kung'ang'ania vya zamani ni hatari, wezi wa mtandaoni watatuingilia. Mimi sijui. Ninachojua ni kwamba wadaiwa 412 wamo kwenye mashine inayozimika ovyo, na nakala pekee tuliyonayo nje yake ni boksi la floppy za 1997 na 1998 ambalo sina hata pa kulichomeka. Ami ameniandikia majina ya faili alizoziona ndani ya folda ya programu, inaitwa DUKA: ipo DUKA.EXE, WATEJA.DBF, WATEJA.NTX, MALI.DBF na nyingine za namna hiyo. Printa ni Epson LX-300, ile ya utepe, yenye karatasi za kopi mbili.

Nimsikilize mdogo wangu nitupe, au kuna njia? Na nikitupa, wale watu 412 nawatoaje humo?

Mama wa Vipuri, Tanga

JIBU

Waalaykum salaam dada yangu.

Leo jioni Ami akishamaliza hesabu, atoke kwenye programu kwa njia anayotokea siku zote, mzime kompyuta, mchomoe waya ukutani. Msiiwashe tena. Kesho na keshokutwa uzeni kwa daftari. Ami kazi hiyo ameianza kabla ya wewe kujua kusoma. Nasema hivyo kwa sababu kompyuta ikizimika wakati programu inaandika ndani ya WATEJA.DBF, faili hiyo inaweza kubaki nusu, na hapo ndipo utakapowapoteza watu kweli. Isitoshe, diski ya mwaka 2005 ina sahani zinazozunguka, na kila mnapoiwasha mnaiomba izunguke mara moja zaidi. Hamjui ipi itakuwa ya mwisho.

Swali lako la kutupa nalijibu sasa hivi: usitupe. Aliyesema ni takataka amekosea, na kulisema mbele ya mzee aliyeifanyia kazi miaka yote hiyo ni kumvunjia heshima. Programu yenu haijaharibika. Ni nzima kama siku ilipoandikwa. Kilichoondoka ni mahali pake pa kukaa, na mahali pengine papo, tena bure.

Nikueleze kilichotokea, ili mtu mwingine asije akawatoza 60,000 kwa kubofya pale pale. Programu ya baba yako imeandikwa kwa ajili ya DOS, mfumo wa kuendeshea kompyuta uliotangulia Windows, nayo ni ya biti 16, lugha ya mashine iliyoanza na prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Prosesa ya 80386 ilipotoka mwaka 1985 iliwekewa uwezo wa kujifanya ile ya zamani, kama nyumba mpya iliyobakiza chumba kimoja cha mtindo wa zamani kwa ajili ya wazee. Windows XP ilikuwa inazipeleka programu za DOS kwenye chumba hicho, ndiyo maana Ami hakuona tofauti. Mwaka 2003 zikaja prosesa za biti 64, na kwa mpango wake, prosesa ikishaingia kwenye kazi ya biti 64, chumba kile hakipo. Windows za biti 64 hazikuwekewa kitu cha kuziba pengo lake. Windows 10 ilikuwa bado na toleo la biti 32 lenye kile chumba. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, haikutolewa kabisa kwa biti 32.

Ile sehemu aliyoshinda nayo fundi, ya kuifanya Windows ijitambulishe kama XP, hubadilisha jina na tabia chache tu. Inazifaa programu zinazouliza toleo la Windows zikakataa jibu. Biti 16 hairudishi. Hata angekesha, lingetoka bango lile lile.

Sasa data. Mtafute mtu mwenye mkono mtulivu aifungue Pentium 4 na kuitoa diski. Kwa umri wake huenda ni ya IDE, utaitambua kwa waya mpana, bapa, na meno yake 40. Kama waya ni mwembamba, basi ni SATA. Kuna kifaa kidogo cha kuchomeka diski hizi kwenye tundu la USB, kinauzwa na mafundi wa kompyuta, na vingine vinapokea aina zote mbili. Kichukue chenye waya wake wa umeme, maana diski hizi haziendeshwi na umeme wa USB peke yake. Mkiichomeka kwenye laptop, Windows inaweza kuuliza kama mnataka kuiformati. Kataeni. Inaweza kusema diski ina kasoro, irekebishwe? Kataeni pia, kwanza. Ingieni ndani, lichukueni folda zima la DUKA, lote, msichague faili, mlinakili kwenye laptop, kisha kwenye flashi mbili. Moja ibaki dukani, moja ilale nyumbani kwako.

Hapo fanya jambo moja kwa ajili ya nafsi yako. Chukua nakala, si ile ya asili, ya WATEJA.DBF, uifungue kwa Notepad. Juu utaona vialama visivyosomeka, halafu utaanza kuona majina: mwenye lori wa Handeni, fundi wa gereji, kila mmoja na tarakimu zake, wamefuatana kwenye mstari mmoja mrefu usio na mwisho. Ndivyo faili za DBF zilivyo. Data yake ni maandishi ya kawaida, hayakufichwa na hayahitaji funguo ya mtu. Ukishaona, funga bila kuhifadhi. Ukitaka kuiona kwa safu na mistari, ifungue nakala hiyo kwa LibreOffice Calc, ambayo ni ya bure, na wateja watajipanga kama kwenye daftari. Kwa hiyo hata programu ingekuwa imekufa kweli, watu wako 412 wasingekufa nayo. Nimekuwekea hili mapema kwa sababu nimehisi ndilo linalokunyima usingizi.

Mambo mawili uyajue kuhusu faili hizo. Kwanza, mteja akifutwa kwenye programu za aina hii, mara nyingi haondoki. Mwanzo wa mstari wake huwekwa alama ya nyota tu, na mstari unabaki pale pale mpaka faili ije ifanyiwe usafi maalumu. Kwa hiyo usishtuke ukimkuta mtu aliyemaliza deni zamani, na usimpigie simu kumdai. Pili, tarehe. Hata kama skrini ya Ami inaonyesha mwaka kwa tarakimu mbili, ndani ya DBF safu ya tarehe huwekwa kwa tarakimu nane, mwaka mzima ukitangulia. Mauzo yaliyoingia siku ambazo saa ilirudi nyuma utayakuta na 20020101, yamejitenga na wenzake. Yaorodheshe kwenye karatasi. Ila usiyasahihishe humo kwenye Calc. WATEJA.NTX ni faharasa ya WATEJA.DBF, na ukibadilisha kitu nje ya programu faharasa haipati habari, ndipo unapotafuta mteja ukaambiwa hayupo hali yupo. Ami ayasahihishe kutoka ndani ya programu, programu ikishaamka.

Na kuiamsha ni hivi. Hizo faili za NTX zinanionyesha kwamba yule kijana aliandika kwa Clipper, lugha ya kuandikia programu iliyokuwa ikitumiwa sana kwa hesabu za maduka na ofisi miaka hiyo. Kwa programu za aina hii naanza na vDos. Hiyo ni programu ndogo inayojenga kompyuta ya DOS ndani ya dirisha la Windows, na ilitengenezwa mahsusi kwa programu za kazi, za maandishi, zinazochapisha na kutunza kumbukumbu. Wengi hukimbilia DOSBox kwa kuwa ina jina, lakini wenyewe waliitengeneza kwa ajili ya michezo, na DOSBox ya kawaida haina habari ya printa. vDos ikigoma, jaribuni DOSBox-X, ambayo imeongezewa mengi, kuchapisha kukiwemo.

Folda la DUKA liwekeni kwenye C moja kwa moja, kama lilivyokuwa. Msiliweke ndani ya Program Files. Tangu Windows Vista, programu ya zamani ikijaribu kuandika humo, Windows huweza kuipeleka kimyakimya kuandika kwenye folda lingine lililofichwa ndani ya akaunti ya mtumiaji. Nimeona mtu ananakili folda lake kila Ijumaa kwa uaminifu kabisa, kumbe data inayoongezeka iko kwingine, na siku ya msiba anafungua nakala anakuta mwezi aliouanzia. Ndani ya vDos kuna faili mbili za maandishi, config.txt na autoexec.txt. Kwenye autoexec.txt mnaandika folda gani iwe C ya programu, na kwamba iite DUKA. Mtu yeyote aliyewahi kutumia DOS atamaliza kazi hii kabla chai haijapoa.

Sasa lile boksi la floppy. Lihifadhi, lakini usiichukue programu humo. Ulisema mwaka 2005 iligoma kwa kugawanya kwa sifuri, yule kijana akaitibu. Nadhani najua alichotibu. Programu nyingi za Clipper zilipokuwa zinaamka zilipima kasi ya kompyuta: zinahesabu, zinatazama muda uliopita, zinagawanya. Zilipokuta mashine ya kasi kuliko aliyoidhania mtengenezaji wa Clipper, hesabu iliisha kabla muda haujasogea, muda ukawa sifuri, zikagawanya kwa sifuri zikaanguka. Programu ilishindwa kwa sababu kompyuta ilikuwa nzuri mno. Kijana alikuja na kiraka, yaani marekebisho madogo ya programu. Kwa hiyo DUKA.EXE yenye kiraka ni ile iliyo kwenye diski ya Pentium 4, na ya kwenye floppy bado ina ugonjwa wake wa 1997. Nusu saa ile aliyokaa dukani kwenu bado inawafaa.

Kwenye floppy na kwenye diski tafuta kitu kingine: faili zinazoishia na PRG. Hizo ndizo maandishi yenyewe aliyoyaandika kwa mkono, kabla ya kugeuzwa kuwa EXE. Zikipatikana, una mali. Kuna programu ya bure inaitwa Harbour inayoelewa lugha ya Clipper na kuitoa upya kama programu ya kisasa ya Windows. Mwandishi wa programu anayejua Clipper anaweza kuitoa programu ya baba yako ikaendeshwa na Windows 11 yenyewe, bila kuigiziwa chochote. Zisipopatikana, vDos inatosha.

Printa yako LX-300 usiiuze. Laptop haina lile tundu refu la zamani, lakini kuna kebo ya USB inayoishia na kichwa cha printa za zamani. Windows itaiona kama printa ya USB, na vDos mtaiambia kila kinachokwenda LPT1, jina la DOS la tundu la printa, kipelekwe kwenye printa hiyo. Angalieni kitu kimoja: programu hizi huituma printa amri kwa namba, mfano namba 15 inaiambia ibane herufi ili mistari mirefu ienee. Windows ikiichora kurasa upya, amri hizo hupotea, herufi zinakuwa pana na jumla ya deni inaangukia mstari wa chini. Ikitokea hivyo, fundi aipeleke data kwa printa ikiwa ghafi, bila kuichora. Mwambie neno hilo hilo, ghafi, atakuelewa.

Kuna na kibodi. Hili si dogo. Kwenye laptop nyingi za siku hizi, ukibonyeza F2 au F5 unapunguza mwanga wa skrini au unaongeza sauti, na programu haipati kitu. Ami akikaa hapo kwa mara ya kwanza, abonyeze F2, skrini ififie, ataamini aliyoyasema yule fundi. Usimkalishe kwenye kibodi ya laptop. Chukua kibodi yake ile ile. Kama ina kichwa cha mviringo, kuna kibadilishi cha kuifanya iingie USB. Kama ni ya USB tayari, chomeka tu. Kikaratasi chake kibaki juu ya zile F.

Ikitokea vDos na DOSBox-X zote zimeshindwa, ambalo sidhani, ipo njia ya mwisho: kuweka Windows XP nzima ndani ya kompyuta pepe, yaani kompyuta inayoigizwa na programu, kwa VirtualBox. Inafanya kazi, ila ni mzigo, na XP inaweza kudai kusajiliwa upya ikiona vifaa vimebadilika. Mkifika huko, kompyuta pepe hiyo isipewe intaneti hata kidogo.

Hapa namgeukia mdogo wako, maana anastahili kusikilizwa. Hofu yake ya wezi ina msingi, ila ameielekeza pasipo. Hatari ni Windows XP iliyounganishwa na intaneti, kwa sababu viraka vyake vya usalama viliisha tarehe 8 Aprili 2014. Programu ya DOS isiyojua hata kuwa intaneti ipo, inayokaa ndani ya vDos kwenye Windows 11 inayosasishwa, haimfungulii mwizi mlango mpya. Na mfumo wa kulipia si adui. Huenda mkauhitaji, duka likikua mkawa na tawi, au mkitaka kuona mauzo kutoka Dar. Lakini kabla hajalipa mwezi wa kwanza, awaulize wenye mfumo maswali haya na apate majibu kwa maandishi. Tunaweza kutoa orodha nzima ya wadaiwa na historia yao, kwenye faili tunayoweza kuifungua bila ninyi? Tukiacha kulipa, data inabaki kwa muda gani na tunaichukuaje? Intaneti ikikatika mchana, tunauza vipi? Baba yako aliyamaliza maswali yote hayo mwaka 1997 kwa kununua kitu kinachoandika majina ya wateja wake kwa maandishi ya kawaida kwenye diski yake mwenyewe. Sidhani alikusudia, lakini ndicho alichokuachia, na sitaki ukibadilishe na kitu kisichoweza kufanya hivyo.

Mkiamua kuhama, msihame siku moja. Endesheni yote mawili mwezi mzima, na mwisho wa mwezi jumla ya madeni ya huku ilingane na ya kule, shilingi kwa shilingi. Isipolingana, msizime ya zamani.

Kuhusu Ami, dada, niruhusu niseme kidogo zaidi. Tarehe 7 Novemba 2015 uwanja wa ndege wa Orly, Paris, ulisimamisha ndege kwa sababu mfumo wa kuwapa marubani habari za ukungu kwenye njia za kurukia uliharibika. Mfumo huo ulikuwa unaendeshwa na Windows 3.1, ya mwaka 1992. Watu walicheka umri wa Windows. Lakini waliokuwa kazini humo walilalamikia kitu kingine, kwamba mafundi wanaoujua mfumo wamebaki wachache na wanastaafu. Duka lako liko hapo hapo. Diski tunaweza kuinakili kwa saa moja. Anayojua Ami hayamo kwenye diski. Kwa nini mteja fulani ameandikwa mara mbili kwa majina yanayokaribiana? Ile herufi anayoiweka mwisho wa jina la mtu ina maana gani, mlipaji mzuri au msumbufu? Kipuri gani kimeingizwa kwa namba ya zamani kwa sababu mwaka fulani namba zilibadilika? Programu za namna hii hujaa vijialama vya mwenye kuzitumia, na mfumo wowote mtakaohamia utavikuta kama uchafu usioeleweka.

Kwa hiyo kaa naye. Alasiri tatu au nne, baada ya swala ya alasiri duka likipoa, wewe na daftari, yeye na kibodi. Aitembeze programu ukurasa kwa ukurasa, aseme, wewe uandike. Usimpeleke mtoto wa shule, nenda mwenyewe. Na atakayekuja kuweka vDos aje dukani, aifanye mbele ya Ami, Ami ndiye ajaribu kwanza na ndiye aseme imekubali au haijakubali. Yeye ndiye anayejua deni la nani linapaswa kuwa kiasi gani. Hakuna fundi mwingine anayeweza kuihakikisha kazi hiyo.

Ile Pentium 4, data ikishatoka, mnaweza kuitazama. Saa kurudi 2002 ni betri ya saa iliyokwisha, ile bapa kama sarafu iitwayo CR2032, ni ya bei ndogo. Kuzimika mchana huenda ni vumbi limeziba feni ya prosesa. Lakini washeni taa mtazame na zile kapasita zilizosimama kama mikebe midogo karibu na prosesa. Vichwa vyake vikiwa vimevimba au vimetoa uchafu wa rangi ya kahawia, ubao umechoka, na mashine za miaka ile ziliumwa sana na ugonjwa huo. Msiigharamie. Diski yake iwekeni kabatini, imefungwa vizuri, na tarehe mliyoitoa imeandikwa juu.

Mkikwama kwenye vDos, niandikie maneno yanayotokea kwenye skrini kama yalivyo, herufi kwa herufi, hata kama ni Kiingereza kisichoeleweka. Na umfikishie Ami salamu zangu. Mwambie kikaratasi asikibandue.